Fufu Iwe ya Mwisho

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Kidonda cha mguu hakiponi. Muuguzi Byukusenge amenipima damu. Sukari iko juu sana! Ameniambia nianze na mboga, majani ya sombe na maharage, nitafune polepole, fufu ya muhogo iwe ya mwisho, tena kidogo. La sivyo, kidole gumba kitakatwa hospitali ya Goma. Mama yangu aliondoka kwa ugonjwa huu huu. Walianza na kidole. Nimeogopa mno. Lakini mimi, Zéphyrin, nina mbinu. Kwanza, nyumbani asijue mtu.

Jumanne, tarehe 5
Tangu mdogo wangu Damascène akimbie vita Kitshanga, tunakula sahani moja, kama wanaume wa kwetu. Anameza fufu hata haijapoa. Nikashika sombe peke yake, nikatafuna taratibu. Kugeukia fufu, sahani nyeupe! Na bado akalalamika kwa mke wangu, Adelaïde, kwamba kaka anamaliza mboga makusudi ili mkimbizi achoke, aende zake kambini. Adelaïde akanikazia macho. Aibu tupu.

Jumatano, tarehe 6
Adelaïde anataka kunipakulia pembeni ili malalamiko yaishe. Nimekataa katakata. Mwanaume anayejitenga na ndugu yake kwenye chakula, watu watasema ana roho mbaya, au anaogopa sumu. Mbinu mpya: nimekula sombe jikoni kwa siri, kisha nikaenda kupambana na Damascène kwenye fufu. Nimemshinda! Tonge langu moja ni sawa na mawili yake. Na sheria nimeifuata: fufu imekuja mwisho.

Jumamosi, tarehe 9
Sukari imepanda zaidi. Kidole ni cheusi. Byukusenge akauliza ninavyokula. Nikamweleza yote kwa fahari. Akauliza fufu kiasi gani. Nikasema ya kumshinda mdogo wangu. Akaandika karatasi ya kunipeleka hospitali ya Goma.

Ikabidi niseme nyumbani. Adelaïde alilia hadi kanga ikalowa. Damascène akakaa chini, akashika kichwa. "Kaka, juu ya nini haukuniambia? Tungekula polepole sisi wote." Roho imeniuma kuliko mguu.

Alhamisi, tarehe 14, Goma
Kidole wamekiondoa jana. Nimelia, nimemwita mama yangu kama mtoto mdogo. Damascène amelala sakafuni karibu na kitanda changu. Kila mlo ananiwekea sombe mbele, anasubiri niimalize, ndipo anasogeza kidonge cha fufu, kidogo kama yai. Ananihesabia hata kutafuna! Nampenda, lakini njaa inaniua.

Leo alipotoka kuchota maji nimepatana na jirani wa kitanda, mzee Sebarenzi, ambaye fufu haimpiti kooni. Yeye anachukua sombe yangu, mimi fufu yake. Nimekula haraka kabla mdogo wangu hajarudi. Vidole vilivyobaki nimevitazama vizuri. Vizima kabisa.