Kampeni Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Machi

Uchaguzi wa kamati ya wapangaji ni Jumamosi ya wiki ijayo. Miaka sita nimekuwa Katibu chini ya yule mama wa ghorofa ya kwanza, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mpaka leo akinipa maagizo huninyooshea kalamu. Imetosha. Safari hii kiti cha Mwenyekiti ni changu.

Pa kumshikia nimeshapaona. Mpwa wake, yule dada wa suruali za mifuko mingi, anafundisha vijana parkour uani, karibu na kamba za kuanikia nguo. Kuruka kuta, kupanda mabomba. Sasa mtu anayejifunza kupanda mabomba ya nyumba za watu anajiandaa kwa kazi gani? Nikithibitisha kuwa ni wezi, Kocha anafukuzwa uani, na shangazi yake anaanguka naye. Kazi nyepesi.

Mke wangu amesema kabla sijapindua serikali nikaze kwanza koki ya jikoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimewachungulia jioni nzima nyuma ya pazia. Nimevunjika moyo. Hakuna paa, hakuna dirisha lililoguswa. Wanaruka kutoka kwenye ule ukuta mfupi wa bustani, unaonifika magotini, wanatua. Wanapanda tena, wanaruka tena. Kijana mmoja alitua kwa kishindo, akaambiwa arudie mpaka asisikike. Mlinzi aliyekuwa akiwatazama alisinzia.

Bahati nzuri shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana gemu ya parkour. Ameniletea pamoja na mashine yake. Humo sasa ndimo kwenye mambo! Jamaa amejifunika kofia ya sweta, anakimbia juu ya mapaa, anaingia kwa watu dirishani, anaiba nyaraka, walinzi anawapiga ngwala. Akimaliza anajirusha kutoka mnarani, anaangukia lundo la takataka, anajikung'uta, anaenda zake. Ushahidi si ndio huo?

Alhamisi, 6 Machi

Kazini, kwenye duka la vigae, nimewaambia tumbo linanisumbua. Ushahidi unataka utulivu. Nimefika hatua ya saba na nimegundua siri ambayo Kocha anawaficha vijana wake: kila mahali pa kushika pamepakwa rangi ya njano. Ukiona njano unashika, mwili unajipeleka wenyewe. Yule binti anapoteza muda wa watoto wa watu kwenye ukuta wa bustani.

Mke wangu amerudi jioni akanikuta na nguo za kulalia. Akauliza kama mwizi ameshakamatwa. Nikamwomba asinisemeshe, nilikuwa naning'inia.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya mkutano wa wapangaji, wiki moja kabla ya kura. Shemeji alinisaidia kushusha runinga mpaka uani. Nikawaonyesha wapangaji gemu, nikawaambia: tazameni, hivi ndivyo wanavyofundishwa hawa vijana mnaowachekea. Wakasogeza viti karibu na runinga. Nikajua nimewaweza.

Wakapiga makofi. Fundi cherehani wa chini akauliza watoto wanaandikishwa wapi. Mama Mapacha akataka kujua wanaanza na umri gani. Dereva wa ghorofa ya nne akauliza kama vijana hao wanaweza kumpandishia mtungi wa gesi kwa kupitia dirishani, maana lifti imekufa.

Wakamwomba Kocha awaonyeshe kidogo. Kocha akapanda ukuta wa bustani, akaruka, akatua bila sauti yoyote. Watu wakasubiri. Kumbe ndiyo imeisha. Fundi cherehani akasema hiyo hata mbuzi anaifanya. Mama Mapacha akanong'ona kwamba binti ana choyo, anaficha zile zenyewe.

Kocha alijaribu kueleza. Kwamba yule wa kwenye gemu amechorwa, na goti la kuchorwa haliumi. Kwamba wao kwanza wanajifunza kuanguka, halafu kushuka, na mahali usipoweza kushuka hupandi. Hakuna aliyemsikiliza. Mtu akauliza kwani humu ndani hakuna anayeijua parkour yenyewe. Nikasikia sauti ikisema: yupo, mimi hapa.

Ilikuwa sauti yangu.

Jumapili, 9 Machi

Mambo yamejipa. Sitawafukuza wana parkour. Nitakuwa mwana parkour. Jumamosi asubuhi nitapanda paa la gereji, nitaruka mpaka kwenye kibaraza cha ngazi, na baada ya hapo kura. Mwalimu mstaafu atashindana na hilo kwa kalamu?

Mchana Kocha amekuja mlangoni. Akaniamkia vizuri, akakataa kuketi. Alisema nikivunjika, kamati itafunga ua, na vijana wake hawana pengine pa kwenda. Akasema tangu jana mapacha wamekutwa mara mbili juu ya kabati wakilenga kitanda, na mmoja wao alitaka kuhamia kwenye ukingo wa roshani kwa sababu kwenye gemu ya Katibu hakuna anayeumia. Machozi yalikuwa yanamlenga. Nilimwonea huruma kweli.

Nikamwambia hofu ya ushindani ni jambo la kawaida.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi. Kutoka kitandani hadi juu ya kabati. Kitanda kimevumilia. Kabati sasa limeegemea dirisha, na mke wangu anatoa nguo zake kwa ubavuni. Tangu saa kumi anasugua sufuria ileile. Ninamfahamu, hilo si zuri.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepaka njano. Bomba la maji ya mvua, ukingo wa gereji, kona ya kibaraza. Mlinzi akauliza nani ametuma. Nikamwambia ni mambo ya kamati. Nimemwagiza pia arundike mifuko yote ya taka chini, kati ya gereji na kibaraza, pa kuangukia kama kwenye gemu.

Jumamosi, 15 Machi

Jengo zima lilishuka. Wengine na viti. Nilivaa sweta ya shemeji, kofia kichwani, jua likiwaka. Mwenyekiti alikaa mbele, kalamu mkononi.

Rangi haikuwa imekauka. Mikono iliteleza, bomba likalia, na paa la gereji nililifikia kwa msaada wa pipa na bega la dereva. Hilo sikulihesabu. Nikasimama. Nikatazama kibaraza. Kwenye gemu umbali ule ni kubonyeza tu. Nikatazama chini nione mifuko ya taka. Hakukuwa na mfuko hata mmoja. Lori la taka, ambalo mimi mwenyewe nimelilalamikia mwezi mzima, lilikuwa limepita asubuhi.

Mbele siwezi, nyuma siwezi. Nikakaa. Niliogopa jamani, niliogopa mpaka nikasahau jina la mke wangu, ambaye nilimwona pale chini ameziba mdomo kwa viganja.

Kocha akapanda. Sikusikia hata alipofika. Akaketi kando yangu akaniuliza kama nimekula asubuhi. Nikasema hapana. Akasema basi, Mzee Katibu, tutashuka polepole, hakuna anayetukimbiza. Geuka, lalia tumbo, teremsha mguu mmoja. Akatangulia, akawa anaushika mguu wangu na kuuweka pa kukanyagia: hapa, sasa hapa, pumua. Mapacha walitazama bila kupepesa.

Nilipogusa ardhi wakashangilia, mpaka wakasimama. Walikuwa wanamshangilia yeye. Fundi cherehani alisema hajawahi kuona kitu cha kusisimua namna ile. Mama Mapacha akaandikisha wote wawili papo hapo, wafundishwe kushuka.

Kura zikapigwa. Mwenyekiti ameshinda. Nimepata moja, yangu mwenyewe. Mke wangu alikuwepo na alipiga.

Jumapili, 16 Machi

Viganja bado njano. Kocha ameniletea dawa ya kuchua, akasema Jumanne nije ukuta wa bustani, ananisubiri. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kusoma karatasi ya dawa. Nikaitikia kwa kichwa. Baadaye Mwenyekiti naye akaja kunijulia hali. Tukaongea vizuri, mara ya kwanza kwa miaka sita. Nimetubu. Mtu asijidai kujua asichokijua. Nimemwambia mke wangu, akanipikia chai.

Kesho asubuhi Mwenyekiti ana kliniki ya macho. Watamtia dawa ya matone, hataona vizuri, na dereva wa ghorofa ya nne yuko safarini. Alikuwa anauliza nani anaweza kumwendeshea gari lake. Nikasema mimi. Sijidai: shemeji ameniletea gemu nyingine, ya magari, na tangu mchana nimeshinda mashindano manne. Kibanda cha polisi nimekigonga mara mbili tu, na gari halikupata hata mkwaruzo.

Ameshaniachia funguo.