Kinyonga Anakimezea Mate Kiti Changu

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa kikosi katangaza: Ijumaa ni kipimo cha nguvu. Atakayeshindwa hapandi tena gari la zimamoto, anahamia dawati la simu. Kiti changu ni kile cha mbele, kando ya dereva. Gari likipita shuleni kwao, binti yangu hunipungia mkono. Nikikikosa, atampungia nani?

Sina wasiwasi. Sawa, ninao. Lakini miaka yote nakimbia kuzunguka uwanja wa kituo kila asubuhi, kupitia kushoto. Mwalimu wa mazoezi kaniita pembeni. Eti mwili umeshazoea, hauongezi nguvu tena, na ni goti lilelile linalochakaa. Nibadilishe: leo mbio, kesho vyuma, keshokutwa kamba, siku nyingine nipumzike. Nipumzike! Hayo ni maneno ya Kinyonga, mwenzangu wa zamu. Tulimbatiza jina hilo kwa sababu kila siku ana zoezi jipya. Mtu hana msimamo kabisa. Na kiti changu anakimezea mate, namjua.

Jumanne, 4 Juni
Haya, nimebadilisha. Nimekimbia kupitia kulia. Kwenye kona ya jikoni nikavaana na mpishi na birika lake. Maskini, amezoea nitokee upande wa pili. Chai yote chini! Zamu nzima imeninunia. Kinyonga kanigawia chai ya chupa yake. Nimeinywa, ila sijamsamehe.

Jumatano, 5 Juni
Mpishi bado amenuna, lakini kaniropokea jambo. Mkuu kaagiza ngazi za mnara wa kukaushia mipira ya maji zifagiliwe. Nani anafagia ngazi bila sababu? Kipimo ni ngazi! Nimepanda na kushuka kutwa nzima, mlango nimeukomea kwa ndani ili Kinyonga asiibe ujuzi.

Alhamisi, 6 Juni
Ngazi tena. Goti limevimba. Kushuka nashuka kwa makalio. Kinyonga kajilaza kivulini, eti siku yake ya kupumzika. Kanishauri nami nijinyooshe kidogo. Nikamwambia aendelee na usingizi wake.

Ijumaa, 7 Juni
Kweli, ilikuwa ngazi! Kupanda mnara, kulibeba sanamu la mtu lililojazwa mchanga, lililolazwa juu, kushuka nalo. Furaha yangu iliishia kwenye kona ya pili. Miguu iligoma kabisa. Nikakaa, nimekumbatia nguzo. Kinyonga akanikuta pale akipanda. Sanamu akaachana nalo, akanibeba mimi begani mpaka chini. Mkuu kasema anafaulu, maana mimi ni mzito kuliko sanamu. Watu wakapiga makofi. Nilifumba macho na kulegea, angalau niwe sanamu zuri.

Jumamosi, 8 Juni
Nyumbani sijasema kitu. Nimekula kidogo, nimelala mapema.

Jumatatu, 10 Juni
Dawati la simu. Chumba hakina hata dirisha la kuonea barabara. Mama mmoja kapiga, jiko lake limeshika moto. Nikaandika mtaa, nikabonyeza kengele, nikasikia gari likiondoka bila mimi. Uchungu ulionipata sitaki kuueleza. Moto waliuzima, nashukuru.

Jioni binti yangu kanipokea mlangoni. "Baba, mbona leo kuna mtu kwenye kiti chako?"

Nikamwambia nimemwazima tu. Akasema ni mtu mzuri, alimpungia kwa mikono yote miwili. Nimeingia bafuni nikakaa humo mpaka wakanigongea.

Jumanne, 11 Juni
Mwalimu kapita dawatini. Kipimo kingine kipo mwisho wa mwaka. Kanisihi goti lipone kwanza, halafu nichanganye mazoezi taratibu. Nimeitikia kwa heshima zote.

Lakini siri nimeigundua mwenyewe. Kinyonga alishinda kwa nini? Kwa kubeba mtu. Basi! Nimeshaliomba lile sanamu stoo. Kuanzia kesho ni kulibeba tu, kila asubuhi, bila zoezi jingine wala siku ya kulala, kuzunguka uwanja. Kupitia kushoto. Mpishi nimeshamwarifu.