Fremu Nyekundu ya Kimuka

Jumapili, 3 Agosti

Nimeshtuka. Sijawahi kudharauliwa na ndizi.

Kilabu chetu cha baiskeli kimetoka Kitengela hadi Kajiado na kurudi, kama kila Jumapili. Na kama kila Jumapili nimeachwa kwenye mlima wa baada ya Isinya. Hayo nimeyazoea. Lakini nilipofika juu, jasho limenijaa machoni, nani alikuwa ananingoja kando ya barabara? Zakariye. Zakariye wa duka la mapazia. Hana jasho hata tone! Akaninyooshea ndizi. Imeshamenywa! Kama ya mtoto! Mbele ya Roy na Keziah!

Zakariye hana ubaya wowote. Hilo ndilo linaniua. Akaniambia kwa upole, "Kimeu bro, shida si miguu yako. Ni hiyo fremu." Kisha akainua baiskeli yake mpya ya kaboni kwa kidole kimoja. Kile kidogo! Yangu ni ya chuma. Uzito wa geti la shule.

Halafu Keziah, nahodha wetu, akatangaza kwamba Jumapili ijayo wanne wa kwanza kufika Kajiado ndio watavaa jezi ya kilabu kwenye mashindano ya Magadi. Tuko sita. Roy akanipiga bega kwa huruma. Mimi!

Nahitaji fremu ya kaboni. Mshahara wa kuuza vigae hautoshi hata pedali zake. Itabidi nitumie akili.

Jumatatu, 4 Agosti

Akili imefanya kazi. Kwenye simu nimeona fremu ya kaboni, nyekundu. Mwenyewe anaitwa Githongo, yuko Kimuka, kule ng'ambo ya Ngong. Nikampigia, nikamwambia ukweli kwamba mfuko wangu ni mwepesi. Nilidhani atakata. Badala yake akauliza kama niko na tangi la maji. Mke wake amemsumbua mwaka mzima juu ya tangi.

Nikachungulia dirishani. Lile pale tangi letu, jeusi, limepita kimo changu, limekaa juu ya msingi wake wa saruji bila kazi yoyote. Sawa, linaweka maji. Lakini maji ya nani? Mke wangu Mutindi yuko Makueni kwa dada yake Kaluki, aliyejifungua mapacha. Harudi hadi mwisho wa mwezi. Bomba hutoa maji kila Ijumaa. Mwanamume mmoja na mitungi miwili anaishi kama mfalme! Nikishapata jezi nitauza fremu ya zamani, ninunue tangi jingine, Mutindi akirudi akute jipya linang'aa. Ukiangalia vizuri, hii ni zawadi yake.

Ajabu ni kwamba sikuwaza haya mapema.

Jumanne, 5 Agosti

Kazini nimesema tumbo. Tangi limeondoka kwa pikapu ya kukodi. Jirani yetu Wacuka, ambaye hakuna kitu hupita kwenye ploti asikione, akasimama kwenye ua akauliza linaenda wapi. Nikasema sevisi. Akauliza kama matangi hufanyiwa sevisi. Nikasema siku hizi, ndiyo. Akaingia ndani akitikisa kichwa polepole. Nadhani aliamini.

Fremu! Nilipoishika nilidhani Githongo amenipa hewa. Nyepesi kama mandazi. Nyekundu kama nyanya. Katikati ina stika kubwa ya chui anayeruka. Niliona tu ni ndefu kidogo. Githongo mwenyewe ni mrefu kama mlingoti. Nikamwuliza. Akasema fremu humzoea mtu, kama kiatu. Sikujua! Nikamwuliza pia kwa nini ameacha kuendesha. Akasema alipata kaajali.

"Kadogo tu," akasema, akafunga geti.

Mtu mwungwana sana.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepeleka fremu kwa Ledama, fundi wa pikipiki karibu na steji. Nikamsalimu kwa Kimaasai, "Sopa", ili anihudumie kwa moyo. Akaitika "Epa", akaigonga fremu kwa bisibisi, akauliza ni nani ameniuzia plastiki. Maisha yake yote hajashika kaboni. Hilo hakulisema mpaka alipokuwa ameshafungua kila kitu.

Mshtuko wa kwanza: chuma cha kiti changu ni chembamba kuliko tundu la fremu hii. Kiti kinazama! Ledama akakata mkebe wa soda, akakizungushia bati lake, akapigilia. Kikashika.

Mshtuko wa pili: fremu hii imetengenezewa breki za diski, za kubana kisahani katikati ya gurudumu. Zangu ni zile za kubana rimu. Nyuma hakuna hata tundu la kuzifungia! Nilikalia tairi kuukuu nikapumua. Ledama akasema mbele si neno, tutarudisha ile miguu ya chuma ya baiskeli yangu ya zamani, inayoshika gurudumu, nayo ina breki yake.

"Na nyuma?" nikauliza.

"Kwani wewe unataka kwenda ama unataka kusimama?"

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Kusema kweli, Zakariye hubeba breki mbili mlima wote. Huo ni mzigo.

Ijumaa, 8 Agosti

Bomba limekohoa mara mbili, likanyamaza. Nikalitazama. Likanitazama. Hakuna! Wacuka anasema tingatinga la wanaotengeneza barabara limekata bomba kuu, na maji ni wiki ijayo, Mungu akipenda. Mtungi mmoja nilishaumaliza nikiosha fremu. Nimeoga kwa kikombe cha chai. Nilianzia kichwani. Magotini sikufika.

Wacuka akauliza kama tangi bado liko sevisi. Nikasema wanangoja spea.

Jioni Mutindi akapiga. Watu wa upande wa mume wa Kaluki wamejaa nyumba nzima, hana tena pa kulala, kwa hivyo anarudi Jumapili. Jumapili hii! Nikasema vizuri sana kwa sauti ambayo si yangu. Akaongeza kwamba anakuja na mama yake.

Mama mkwe! Hajawahi kukanyaga kwetu. Na sisi Wakamba, mama mkwe si mtu wa mchezo. Humkazii macho, hukai naye karibu, mkikutana njiani unampisha. Mutindi akaendelea kwa furaha kwamba mama amechota maji mtoni tangu utotoni, na haamini kwamba binti yake anafungua tu mfereji. Anakuja kuliona lile tangi kwa macho yake.

Nimekaa sakafuni. Bado niko sakafuni.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimempigia Githongo tubadilishane upya. Akasema nizungumze na mke wake. Nikafungua mdomo niombe tangi langu. Mama huyo akaanza kunishukuru. Kisha akaanza kuniombea. Akaniombea mimi, kazi yangu, nyumba yangu na watoto ambao sijapata. Utamnyang'anyaje tangi mtu anayekuombea? Nikasema amina.

Sasa mpango ni huu. Mutindi na mama watafika jioni. Kesho asubuhi napata jezi, saa sita niko Kitengela, namuuzia Roy fremu ya chuma, naleta tangi, naweka, nasimama kando yake nikitabasamu. Hakuna pa kukosea.

Jumapili, 10 Agosti

Ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi ilianza kama ndoto. Fremu ilipaa! Kweli, nilikuwa nafikia pedali kwa ncha za vidole. Kweli, kiti kilizama kidogo kidogo, na ule mkebe wa soda ulilia kila nikisukuma. Lakini kwenye mlima wa baada ya Isinya nilimpita Roy. Nikampita Keziah! Kisha nikaona mgongo wa Zakariye, ukakaribia, ukawa kando yangu, ukawa nyuma! Alinitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akiendesha gari. Akapaaza sauti, "Twende, Kimeu, twende!" Alikuwa amefurahi kwa dhati. Nilitamani angenuna.

Nikafika juu wa kwanza. Hakuna mtu wa kuningoja! Nikashuka.

Hapo ndipo nilipokumbuka breki.

Chini ya mteremko mzee mmoja alikuwa anavusha kondoo. Wengi! Nilibonyeza breki ya mbele. Fremu ikatoa mlio kama biskuti inayovunjika. Stika ya chui ikafunguka, na chini yake nikaona ufa wa zamani umepakwa gundi, mpana kama kidole. Nikapata muda wa kuuona vizuri. Halafu baiskeli ikawa mbili. Nusu moja ilikwenda Kajiado. Mimi na nusu nyingine tukaingia kwenye miiba.

Kondoo wote wazima. Mzee aliwahesabu mbele yangu kabla hajaniuliza kama naishi.

Wengine walipita. Roy alipunga mkono akidhani napumzika. Zakariye alisimama. Nikamwambia aende, apate jezi yake, mimi niko sawa. Akatazama mkono wangu, akasema mkono hauelekei hivyo. Akampigia kaka yake Daud alete gari, akakaa nami kwenye vumbi akinitoa miiba mgongoni mmoja mmoja, huku wale wanne wakifika Kajiado bila yeye. Zakariye hatakwenda Magadi! Yeye, mwenye kasi kuliko sisi sote! Nikasema asante. Akaniambia, "Lakini ulinipita, bro. Hiyo hakuna mtu ataifuta."

Kule zahanati wamenifunga plasta. Kisha nyumbani.

Mutindi na mama yake walikuwa wameshafika! Walipata gari la asubuhi! Walisimama uani, mizigo bado mikononi, wakitazama msingi wa saruji mtupu. Nikashuka kwenye gari la Daud nikiwa na kile kikaptula cha baiskeli, kile cha kubana. Kimechanika nyuma. Chote.

Mama mkwe akageuka akautazama ukuta. Mimi nikageuka nikautazama ua. Zakariye akavua jaketi haraka akanifunga kiunoni.

"Kimeu," Mutindi akasema. "Tangi liko wapi?"

"Liko sevisi!" Wacuka akajibu kutoka kwake. "Wanangoja spea!"

Nilitarajia kelele. Nilishajiandaa kwa kelele. Mutindi akatazama fremu iliyovunjika kwenye gari, akatazama msingi, akaelewa kila kitu bila mimi kufungua mdomo. Macho yakamjaa machozi.

"Nilimwambia mama yangu hatabeba maji akiwa kwangu," akasema. Basi. Hivyo tu.

Na mama mkwe? Aliweka mzigo wake chini, akachukua mtungi wetu, akatafuta kamba, akaupachika mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama alivyofanya maisha yake yote. Akamwuliza Wacuka kisima kiko wapi. Mutindi akachukua mtungi wa pili, akamfuata. Nilisimama na jaketi la mtu kiunoni nikiwatazama wakipotea kwenye kona.

Sijawahi kushtuka hivi. Mkono hauumi hata.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi lori limesimama getini. Tangi! Mjomba wa Zakariye alikuwa nalo kwenye boma lake, halitumiki. Zakariye na Daud wamelipandisha kwenye msingi, wakaunganisha, wakaleta boza la maji. Nikamwuliza tutalipaje. Akasema tutaongea nikipona. Mutindi amemsifu tangu saa mbili. Zakariye hivi, Zakariye vile. Mama mkwe amefungua mfereji, akafunga, akafungua tena, akacheka peke yake.

Adhuhuri Mutindi akaniketisha. Akataka niape mbele ya mama yake, mama huyo akiwa upande wa pili wa mlango kwa heshima, kwamba sitabadilisha tena kitu cha nyumba hii kwa fremu ya baiskeli. Niliapa. Kwa moyo wangu wote! Chozi lilinitoka. Kutoka nyuma ya mlango mama mkwe akasema "Ameni", neno lake la kwanza kwangu.

Nimetulia. Nimejua kosa lilikuwa nini. Nimelifikiria kwa makini nikiwa nimelala chali, na nimeshangaa sikuliona: haikuwa fremu hata kidogo. Ni magurudumu! Fremu ya chuma ni imara, haina neno. Magurudumu ndiyo huamua.

Kuna bwana huko Gataka anauza ya kaboni, mepesi mno. Nimempigia tu kumsalimia. Hataki pesa. Anauliza kama niko na meko ya gesi.

Nimeapa kuhusu fremu. Gurudumu si fremu, hata mtoto anajua. Na mama mkwe mwenyewe leo asubuhi amesema chai ya gesi haina ladha, bora ya kuni.

Mutindi anampeleka sokoni kesho saa nne.