Chipsi ni Wingi wa Chipu

(Hotuba ya Mheshimiwa Benjamin, Mratibu Mkuu Msaidizi wa Mradi wa Mwanga na Elektroni, siku ya kuzindua mashine, Chanika. Imeandikwa, kama ilivyosemwa, na mie Mama Nusaiba, niliyekaa safu ya tatu na mwanangu mapajani, kwa sababu kipande cha figo yake kiko ndani ya hilo jengo, kinaisubiri hiyo mashine tangu Ramadhani.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, uliyeniachia kiti. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Tendaji, wa Kamati ya Kuisimamia Kamati Tendaji, na wa Kamati Ndogo ya Vitafunwa. Wazee wetu, shikamooni. Viongozi wa dini zote. Mabalozi wa nyumba kumi. Wataalamu wetu wa maabara mliosimama kule juani kwa uzalendo. Wanahabari, hasa wenye kamera. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haijazingatiwa naagiza izingatiwe. (Makofi. Wazee hawakuitikia marahaba, walikuwa wanahamisha viti kufuata kivuli.)

Ndugu wananchi, mtu anaweza kujiuliza, hivi elektroni ni nini, na hilo ni swali zuri sana, ambalo katika upembuzi yakinifu wetu, uliofanyika kwa miezi kumi na nne katika hoteli mbili tofauti, tumelijibu kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi, ambao kwa sasa uko kwa mchapaji. Kwa lugha nyepesi, darubini ya kawaida inatumia mwanga kutazama kitu, lakini kitu kikizidi kuwa kidogo mwanga unashindwa kukiona, ndipo tunarusha elektroni, ambazo ni vitu vidogo kuliko vumbi la unga, zipite kwenye kipande cha mwili wa mgonjwa zituletee picha. Sasa changamoto ni nidhamu, kwa maana elektroni zinapita ovyo, kila moja na njia yake, kama bodaboda za sokoni Mabibo siku ya mzigo, na hapo ndipo sayansi ya kisasa inapoweka trafiki, yaani chipu, kidude kama ukucha wa mtoto, mwanga unazunguka ndani yake, na mwanga huo ndio unaoziambia elektroni, wewe pita, wewe punguza mwendo, wewe nyooka.

(Makofi. Nilimwona Misbah wa maabara, binti wa Mzee Gulamabbas, anakubali kwa kichwa. Jirani yangu Hija akaninong'oneza, "Leo kasoma huyu." Na mie nikaona ndivyo, maana ndicho alichonieleza daktari wa hospitali kubwa. Nusaiba akiamka uso umevimba, mkojo una povu, kipande cha figo wamekitazama kwa darubini yao hawajaona ugonjwa, kinatakiwa kitazamwe kwa hiyo ya elektroni ndio ajue ampe dawa gani. Kila siku inayopita, alisema, figo nayo inapita.)

Ndugu zangu, kwa miaka mingi vipande hivi vilikuwa vinasafirishwa nje ya nchi ndani ya boksi la barafu kama samaki, jambo lililoniuma mimi binafsi kama mzazi, mzalendo na mjumbe wa bodi tano, hivyo nikaandika waraka, kwa mkono wangu, ukachapwa na katibu muhtasi, kwamba kipande chochote cha mgonjwa kisitoke tena, kisubiri mashine yake hapa hapa. Leo naona fahari kutangaza kwamba usafirishaji umeshuka kwa asilimia mia moja, kusubiri kumepanda kwa asilimia mia tatu na arobaini, na wadau walioridhika na huduma wamefikia asilimia tisini na sita. Hao wanne waliobaki ni wagonjwa, na mnajua mgonjwa anavyokuwa mgumu kuridhika. (Vicheko meza kuu.)

Wapo waliosema Chanika ni mbali, Chanika ni mashamba, umeme unakatika, mashine ya namna hii itakaaje jirani na mihogo. Nikawaambia, elektroni ni umeme, zikikaa humu ndani sisi ndio tutakuwa tunawauzia wao umeme. (Makofi ya meza kuu. Misbah akainamisha uso.) Sasa bila kupoteza muda, na kwa mamlaka niliyojipa, naomba nivute kitambaa.

(Kavuta. Palikuwa na kabati la kioo, pembe za alumini, mlango wa kuvuta nyuma, na ndani balbu ya manjano inawaka. Watu wakatazamana. Hija akasema, si kwa sauti ndogo, "Jamani, hilo si kabati la chipsi?")

Nimesikia minong'ono, na minong'ono ni sehemu ya utawala bora. Ndiyo, kwa jicho lisilosoma, kifaa hiki kinafanana na kifaa kingine. Lakini tusome nyaraka. Maabara iliomba chipu ya mwanga. Kamati ya Manunuzi ikakaa, ikajiuliza, kwa nini tununue chipu moja wakati mahitaji ya taifa ni makubwa, ikaazimia kununua wingi wake, na wingi wa chipu, kwa Kiswahili chetu fasaha, ni chipsi. Wajumbe wakafanya ziara ya mafunzo kwenye vibanda kumi na saba, kuanzia Vingunguti hadi Mbagala, wakala, wakaandika ripoti, na vibanda vyote kumi na saba vikathibitisha kwamba chipsi ya mwanga inawekwa humu. Vigezo ni kioo, kipo. Mwanga, upo. Mnaona unawaka.

(Misbah akaomba kusema. Hakupewa kipaza sauti, akasema hivyo hivyo. "Mheshimiwa, shikamoo. Niliandika barua tatu. Chipu ni kama ya kompyuta, sio ya viazi. Na hata chipu yenyewe si mashine, inafungwa kwenye darubini. Darubini iko wapi?")

Marahaba, mwanangu. Nawapenda sana vijana wenye haraka. Darubini ni awamu ya pili. Huwezi kuleta gari kabla ya kujenga maegesho. (Makofi machache.)

(Hapo nikasimama. Mie darasa la saba sijamaliza na watu wale wote wamevaa tai. Nikasema, "Baba, samahani. Mie siulizi mashine. Nauliza kipande cha mwanangu kitatazamwa lini.")

Mama, kaa tu, usichoke. Swali lako limepokelewa, limepewa namba, na litachakatwa na dawati la maswali pindi dawati litakapochongwa. Lakini wewe ndiye Mama Nusaiba, sivyo? Ndugu wananchi, makofi kwa huyu mama, kwa sababu katika ripoti ya utekelezaji niliyoisaini juzi, mtoto wake Nusaiba ndiye mgonjwa namba moja, amepimwa kwa mashine hii, ugonjwa umeonekana, ametibiwa na amepona kabisa. Mfano hai huo hapo, amekaa mapajani.

(Watu wakanipigia makofi. Nusaiba akaniuliza, "Mama, nimepona?" Nikampangusa macho, yamevimba hata kope hazionekani.)

(Misbah ndiye aliyejitokeza. Akaja mpaka meza kuu na karatasi, kwa adabu zote. "Mheshimiwa, kama amepona, basi huyu si mgonjwa tena. Waraka wako unazuia vipande vya wagonjwa. Hiki hakina sababu ya kukaa hapa, kinatujazia friji. Naomba saini kitolewe." Meza kuu wakatazamana wasione kosa. Na kamera zilikuwa zimeshamgeukia Mheshimiwa.)

Naam, huo ndio ufanisi tunaouhubiri. Friji ya umma haiwezi kuhifadhi vipande vya watu wazima wa afya. Leta nisaini. Mpiga picha, hii kalamu ionekane.

(Kasaini. Misbah akaingia ndani, akatoka na boksi dogo la barafu, akanishika mkono. "Mama, twende. Gari la mizigo ya hospitali la kwenda uwanja wa ndege linaondoka mjini saa nane, na rafiki yangu ndiye anayefunga mzigo wa nje ya nchi." Tukatokea nyuma ya mahema. Kuanzia hapa kanisimulia Hija, aliyebaki kwa ajili ya pilau.)

Tunapoelekea ukingoni naomba tuitikiane. Nikisema Elektroni, mseme Nyooka. Elektroni. (Nyooka.) Nikisema Mwanga, mseme Ongoza. Mwanga. (Ongoza.) Nikisema Chipsi. (Mayai, walisema wote, akaacha kipengele hicho.)

Kipekee nawashukuru wafadhili wetu, ambao hawapo nasi leo kwa sababu bado hatujawajulisha kwamba wao ni wafadhili. Andiko la kuwaomba mradi huu liko tayari kabisa, limebakiza picha za uzinduzi wa mradi, maana walishasema huko nyuma hawatoi fedha kwa mradi ambao haujaanza, ndiyo maana leo tumeuanza. Nawashukuru wenye hili jengo la kuhifadhia mahindi, waliotupangisha chumba kimoja cha friji na leo wakatuazima lote, tutawarudishia saa kumi kama tulivyokubaliana. Namshukuru na mwenye kabati, aliyeko nje ya uzio, nimeambiwa viazi vyake vimeshamenywa, avumilie kidogo tu. Na sasa, kwa picha ya mwisho, ile itakayokaa kwenye jalada la andiko, namwomba mgonjwa namba moja aje hapa mbele asimame kando ya mashine iliyomponya.

(Hija anasema walisubiri. Wakamwita kwa kipaza sauti mara tatu, mara ya mwisho kwa jina lake kamili. Sie tulikuwa tumeshapita Pugu, Misbah kashika boksi magotini kwa mikono miwili, na mie nimemfunika mwanangu uso kwa khanga asipigwe na jua.)