Pitia, Msichana Asiye na Ukoo

Wastaafu wenzangu, leo nimejiaibisha mbele ya koo mbili, na mashahidi wote wangali hai. Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa habari hii na watu wengine. Mnanijua. Mimi ndiye niliyewakemea juzi humu kundini kwa kusambaza mambo msiyoyathibitisha. (Karipio lile naliondoa kwa muda.)

Asubuhi tulikuwa nyumbani kwangu Buhembe, tukijiandaa kwenda Kamachumu kumposea mjukuu wangu Novatus. Novatus ana miaka ishirini na tisa, anafanya kazi za kompyuta mjini Bukoba, na amekaa nami tangu bibi yake alipofariki. Mchumba wake anaitwa Adventina. Nilikuwa nimeonana naye mara mbili tu, na mara zote mbili alipiga magoti kunisalimia, kisha akanisikiliza mpaka nikamaliza. Jambo hilo la pili hata ninyi limewashinda.

Msemaji wa upande wetu nilikuwa mimi. Hotuba yangu ilikuwa ndani ya kompyuta ya Novatus, naye alikuwa uani akipakia garini madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikajiambia kwamba mtu aliyeongoza shule hashindwi na mashine. Nikaifunua kompyuta. Nikabonyeza pale pa kuchapa. Printa ikanguruma, karatasi ikatoka.

Haikuwa hotuba. Ilikuwa picha ya msichana. Nywele zake zilikuwa na rangi ya papai bivu na zilifika kiunoni. Macho yalikuwa makubwa kuliko mdomo. Kuhusu sketi sitasema mengi, kwa kuwa kundi hili lina masista wawili.

Najua mnachotaka kuniuliza: ule si mchoro, mzee hakuona? Niliona. Lakini najua pia kwamba simu za siku hizi hugeuza picha ya mtu kuwa katuni. Mjukuu wangu mwingine alinigeuza mimi siku ya Pasaka, nikatoka na macho ya bundi na mashavu ya waridi. Nikafuata mantiki. Ikiwa nyuma ya katuni ile alikuwapo mtu halisi, yaani mimi, basi nyuma ya hii pia yupo mtu.

Pembeni mwa picha palikuwa na maelezo kwa herufi kubwa, nami niliyasoma neno kwa neno. Jina: Pitia. Makazi: kwa Novatus. Kazi: kumfikisha Novatus popote anapotaka kwenda. Tabia: hasahau ulikopita, isipokuwa umwombe asahau. Dada zake: Jedwali, Andika na Hifadhi. Chini kabisa palikuwa na mstari wa herufi ndogo sana. Huo niliuacha. Miwani ilikuwa chumbani, na kwa maoni yangu ushahidi ulikuwa umekwisha kutosha.

Majina ya wale dada hayakunishtua. Nimewahi kufundisha mapacha walioitwa Tabu na Shida. Kilichonishtua ni kwamba ukoo haukutajwa. Kilichonishtua zaidi ni makazi, maana kwa Novatus ni kwangu. (Nilichungulia chumbani kwake. Hapakuwa na mtu. Nilichungulia na stoo ya ndizi.)

Fikirini hali yangu. Baada ya saa chache ningesimama mbele ya wazee wa binti mwema na kuwahakikishia kwamba kijana wetu hana mwingine. Nikinyamaza, nimemwingiza mtoto wa watu katika udanganyifu. Nikisema, nimeivunja ndoa ya mjukuu niliyemlea mwenyewe. Nilimwita Novatus, nikampa nafasi ya kujitetea kama ilivyo haki ya kila mshtakiwa. Nikamuuliza kama ana jambo lolote la kuniambia kabla hatujaondoka.

"Lipo, Babu," akasema. "Tai yako imekaa kombo."

Nikaikunja karatasi kwa makini, nikaipiga mkunjo wa ziada kwa chini ili ienee katika mfuko wa koti, na nikaubana kwa ukucha. Njia nzima mpaka Kamachumu sikusema neno. Novatus alidhani nairudia hotuba kichwani.

Walitupokea vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kilizunguka. Ta Laurean, yaani Mzee Laurean, baba mkubwa wa Adventina na msemaji wa upande wao, alitutania kwamba watu wa Buhembe tumechelewa kwa sababu tumekuwa tukizitafuta ndizi zetu kwa darubini. Watu wakacheka. Adventina mwenyewe alikuwa chumba cha ndani na wanawake, nyuma ya pazia, kwa kuwa binti hatoki mpaka aitwe.

Kisha Ta Laurean akaliuliza lile swali. "Mwalimu, kijana wenu hana mwingine? Maana maneno ya mjini tunayasikia."

Nikasimama. "Ta Laurean," nikamjibu, "mimi sisemi niliyoyasikia. Nasema niliyoyaona." Nikaitoa karatasi, nikaisoma yote kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kusoma matokeo ya mitihani. Nilipofika kwenye tabia ya kutosahau, utafunaji wa kahawa ulikuwa umekoma sebule nzima. Karatasi ikaanza kupita mkono kwa mkono.

"Ni wa ukoo gani?" akauliza Ta Laurean.

"Haukuandikwa."

Shangazi wa binti akaikazia macho ile picha, kisha akanikazia mimi. "Na anaishi kwako, Mwalimu? Wewe humwoni?"

"Nilimtafuta leo asubuhi," nikasema. "Hakuonekana."

Novatus alikuwa ameufunika uso kwa viganja. Akaniomba kwa sauti ya chini niketi. Nikamwambia sitaketi mpaka ukweli uketi kwanza. (Sentensi hiyo niliipenda nilipoitamka. Sasa naichukia.)

Hapo ikasikika kwikwi nyuma ya pazia. Moyo wangu ukapasuka. Nikaligeukia lile pazia, nikasema, "Lia, mwanangu. Heri ulie leo kuliko kulia ukiwa na watoto."

Kwikwi zikazidi. Pazia likafunuliwa, Adventina akatoka bila kuitwa, jambo lisilofanyika. Machozi yalikuwa yakimtiririka kweli. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajikaza, akapiga magoti mbele yangu, akaichukua karatasi kwa adabu na kuukunjua ule mkunjo wangu wa chini.

"Babu, soma na hapa."

Nikaitoa miwani mfukoni, nikaivaa. Mstari ule wa herufi ndogo ulisema hivi: Pitia, sura ya programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Imechorwa na Adventina.

Nikausoma mara ya pili, nikitumaini ungebadilika. Haukubadilika.

Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mwanafunzi mzito. Novatus na wenzake wawili wanatengeneza programu za kompyuta. Yeye Adventina huipa kila programu sura ya msichana, kwa sababu watu huizoea upesi programu yenye uso. Jedwali hupiga hesabu, Andika huandika barua, Hifadhi hutunza mafaili. Karatasi ile walikuwa wameandaa waionyeshe kazini Jumatatu.

Nikatafuta swali lolote la kuniokoa, nikapata moja tu. "Na kwa nini programu ivae sketi fupi namna ile?"

"Nitamrefushia, Babu," akasema.

Wazee wao wakatoka nje kushauriana. Nikakaa. Novatus alikuwa kando yangu na hakunitazama, huku vicheko vikitoka jikoni. Nilimlea kwa kumwambia apime neno kabla ya kulitoa. Sasa posa yake ilikuwa nje mgombani, inajadiliwa na watu niliowatia fedheha nyumbani kwao. Nikamwambia nimekosa. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia hivyo kabla ya leo. Akaninyooshea tai.

Waliporudi, Ta Laurean alitangaza kwamba nimetozwa faini ya madumu mawili ya rubisi kwa kumsingizia binti asiyekuwapo. Kuhusu posa, wao hawana neno, ila aulizwe mwenyewe. Akamgeukia Adventina. "Bado unamtaka kijana huyu? Tena pamoja na babu yake?"

"Namtaka," akajibu. "Na babu nina ombi kwake."

Akaeleza mbele ya wote. Kuna programu ya tano ambayo amekosa sura yake kwa miezi mingi. Kazi yake ni kulinda kompyuta dhidi ya virusi: hukaa mlangoni, humshuku kila anayeingia, na mara nyingine huwakamata hata wasio na hatia. Akaniomba ruhusa anichore mimi.

Ta Laurean alicheka mpaka akatema kahawa. Novatus akacheka pia, na nilipokisikia kicheko chake nikajua posa imepona. Nikakubali, maana sikuwa na hadhi ya kukataa.

Kwa hiyo mkija kukutana kompyutani na mzee mkali mwenye macho ya bundi, msimcheke. Nimeweka sharti moja tu: miwani achorwe nayo usoni, isiachwe chumbani.