Paka wa Sindano Atafutiwa Chumba

Benchi ni langu, redio ni yangu, hata upara wa Wakili niliuhudumia mimi zamani, kabla haujawa upara. Lakini asubuhi wanywa kahawa wakishajipanga hapo nje ya kibanda changu cha kunyolea, mimi ndiye ninayeonekana nimezamia. Na hakuna anayenyolewa.

Jana redio ikasema mahakama imeamua: mwenye nyumba ana haki ya kumkataa mpangaji anayefuga mnyama. Ilisemwa mara moja tu. Ilitosha.

"Umesikia?" Mzee Funguo akamgeukia Sindano. Mzee huyu ana nyumba ya vyumba sita nyuma ya kibanda changu, na funguo zote sita huzining'iniza kiunoni. "Si roho mbaya yangu. Ni sheria."

Sindano akaweka kikombe chini. Yeye ni fundi cherehani, mkewe alifariki mwaka juzi, na anaishi na paka. Jumamosi anatakiwa ahame, maana mwenye nyumba wake anamwoza binti yake na mkwe hana pa kukaa. Chumba kilicho wazi mtaa mzima ni kimoja tu, cha Mzee Funguo.

"Mzee wangu, ni paka mmoja. Tena kikongwe. Amebaki na meno manne."

"Leo paka, kesho mbuzi. Keshokutwa nabisha hodi kwenye nyumba yangu mwenyewe, nafunguliwa mlango na ngamia."

"Ngamia anafunguaje mlango?" akauliza Mama Kahawa, ambaye hutuuzia kahawa na hajawahi kuacha swali likapita.

"Ndiyo hayo sitaki kuyajua."

Wakili akakohoa. Uwakili hajasomea, alilinda lango la mahakama miaka mitatu, na tangu hapo anatoa hukumu. "Tulieni. Redio imesema ana haki ya kukataa. Haikusema ni lazima akatae. Tumchunguze huyo paka tabia. Mama Kahawa, wewe ni jirani yake."

"Ukuta mmoja, mwaka wa nne huu," Mama Kahawa akasema. "Paka yule sijamsikia hata siku moja. Na ningemsikiaje, kwa mkoromo wa mwenyewe? Sindano akilala, mabati yanatetemeka. Lakini paka, utadhani hayupo."

Mzee Funguo akageuza shingo taratibu. "Anakoroma?"

"Paka hakoromi," Wakili akasema. "Tuendelee. Usafi."

Hapo na mimi nikajitosa, kwa sababu Sindano ni rafiki yangu. "Usafi usiulize! Paka akimaliza kula anajifuta uso, anajilamba mpaka kucha. Mwenyewe ana sahani chini ya cherehani tangu wiki iliyopita. Paka ndiye aliyeilamba ikang'aa."

Sindano akanikanyaga mguu. Nikadhani ananishukuru.

"Kelele?" Wakili akauliza, akajijibu mwenyewe. "Cherehani inaanza kuunguruma saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo paka bado amelala. Hahusiki. Wageni?"

"Paka hana mgeni," Mama Kahawa akasema. "Wageni ni wale mashemeji wawili wa Sindano. Walikuja kusalimia mwezi wa tatu. Bado wanasalimia."

"Jamani, inatosha!" Sindano akasimama. "Yule paka alikuwa wa marehemu. Siku ile anapelekwa hospitali aliniambia, nitunzie. Hakuniambia neno jingine, ni hilo tu. Simtupi. Kama ni kulala nje, Jumamosi tutalala nje wote wawili."

Mimi nikazima redio. Mama Kahawa akamjazia kikombe bila kuulizwa, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Mzee Funguo akachomoa ufunguo mmoja kiunoni.

"Mimi si jiwe," akasema. "Nimeyasikia yote. Kimya. Msafi. Haamshi watu. Haleti wageni. Tangu nijenge nyumba ile, mpangaji wa namna hii sijampata."

"Mungu akuzidishie, mzee wangu," Sindano akasema, mkono tayari ameunyoosha.

Mzee Funguo akaurudisha ufunguo kiunoni.

"Paka ahamie Jumamosi. Nimemkubali kwa moyo mmoja," akasema, akinyanyuka na kujikung'uta suruali. "Wewe niache kwanza nikufikirie."