Asali Isiyoganda

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya kutisha. Baridi nzuri kwa biashara! Leo nimebandika bango jipya mbele ya kibanda changu hapa stendi ya Kongo, Kawangware: ASALI HALISI HAIGANDI. IKIGANDA, JIULIZE. Sijasema yangu ni halisi. Sijasema ya mtu mwingine ni bandia. Nimemwomba tu mteja ajiulize, na kujiuliza ni haki yake.

Yangu haigandi ng'o. Ni sukari, maji, ndimu, na majani ya chai ya kutia rangi. Kwenye chupa nimeandika IMEPITIWA NA NYUKI. Kweli tupu. Wiki jana nyuki waliingia kwenye sufuria, na mmoja hakutoka. Chini yake, kwa kuwa Wakamba tunasifika kwa asali, KUTOKA KWA MKAMBA HALISI. Kitambulisho ninacho.

Ng'ambo ya barabara Trizah anauza asali ya mizinga ya kaka yake, kutoka kwao Mbita. Kwa baridi hii imeganda chupani, nyeupe kama mafuta magumu ya kupikia. Wateja wanasoma bango langu, wanatazama chupa zake, wanavuka kuja kwangu. Jioni Trizah alinitukana mimi na sufuria yangu. Mfanyabiashara hajibizani.

Jumatano, 16 Julai

Trizah amehama! Amebeba chupa zake hadi Kisumu Ndogo, kule Kibera. Nimejinunulia soda kujipongeza.

Jioni akaja Mwongeli, mchumba wangu. Jumamosi napeleka mbuzi wa ntheo kwa baba yake, Mzee Mutunga, fundi wa makochi pale Riruta. Mbuzi wakiliwa, Mwongeli ni mke wangu na hakuna wa kubisha. Mzee ameomba pia mtungi mmoja wa asali, kama desturi ya kwao. Nikamwambia Mwongeli kuhusu asali asiwe na wasiwasi. Akasema hiyo ndiyo inayomtia wasiwasi. Sufuria yangu anaijua.

"Mbithi, Kawangware yote ikunywe sukari yako, sijali," akasema. "Lakini kwa babangu utaleta asali ya ukweli. Siku moja tu. Ukileta ile ingine, hiyo mbuzi hailiwi."

Mwongeli hatishi watu ovyo. Nimeogopa. Nampenda huyu msichana kuliko ninavyoonyesha.

Alhamisi, 17 Julai

Nimezunguka Kawangware nzima nikitafuta asali. Wauzaji wakaniangalia, nami nikawaangalia. Tunajuana. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini ndimu naweka kiasi gani.

Amebaki Trizah peke yake. Aibu gani hii!

Ijumaa, 18 Julai

Kisumu Ndogo. Nimemkuta Trizah katikati ya wauza dagaa wa omena, chupa zake zimepangwa vizuri, wateja wapo. Iliniuma kidogo. Nikaomba mtungi mmoja.

"Si uliandika ikiganda mtu ajiulize?" akasema. "Sasa wewe umejiuliza ukapata nini?"

Wauza omena wakacheka. Trizah akasema hauzi mpaka nitamke, mbele ya hao mama wote, kwamba asali yake ni halisi. Nikatamka kwa sauti ndogo. Akasema hajasikia. Nikatamka tena, nikifunika uso kwa kofia. Akaniuzia kwa bei ya kila mtu, akanishauri niipashe kwenye maji ya moto iyeyuke. Nikamwambia Mkamba hafundishwi asali.

Jumamosi, 19 Julai

Siku ya ntheo. Mjomba Kaloki, msemaji wetu, alisalimu vizuri. Mbuzi walisifiwa. Mzee Mutunga akauliza kama asali imetoka nyumbani. Nikasema imetoka mbali. Kweli tupu.

Akafungua mtungi, akauinamisha. Hakikutoka kitu. Akatia kijiko, kijiko kikasimama wima.

Mzee akasema kwao Mwingi asali humiminika, hajawahi kuona ya kuchimbwa. Kisha akasema wiki hii alipita Kongo na kuona bango la kijana mmoja mwenye akili sana. "Ameandika ikiganda, ujiulize," akasema. "Na mimi hapa najiuliza."

Mjomba Kaloki akanitazama. Mwongeli pia akanitazama, akitabasamu, maana alijua kwa macho tu kwamba asali ni ya ukweli. Alikuwa akingojea sentensi moja. Mzee, bango ni langu na lina uongo, asali halisi huganda. Nilikuwa nayo mdomoni!

Nikasikia mdomo ukisema kwamba huo ni mtungi wa mfano, wa kuwaonyesha wazee bidhaa mbaya ilivyo. Wa kweli umesahaulika nyumbani. Nikakimbia Kongo, nikajaza mtungi mwingine kutoka kwenye sufuria, nikarudi natweta.

Ikamiminika kama maji! Mzee akalamba, akafumba macho, akasema hii ndiyo aliyolishwa na marehemu mamake. Machozi yalimlenga. Wazee wakapiga makofi. Nikajiona mume.

Kabla kisu hakijatolewa, Mwongeli akaulizwa mbele ya wote kama mbuzi waliwe. Akachovya kidole kwenye mtungi, akaonja. Akasema hapana.

Wakadhani ni haya. Wakamuuliza tena. Akasema hapana, si leo. Mbuzi wangu wakarudishwa kwenye majani.

Nje alinieleza kwa upole, jambo lililonitisha zaidi. Nilipoingia na ule mtungi wa kwanza alijivunia mimi kama ambavyo hajawahi. Sasa nimwambie baba yake bango ni la nani, halafu nirudi. Nisipomwambia, nisirudi. Nimelala na njaa, na moyo unauma.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwandikia Mzee. Nimesoma ujumbe mara tatu kabla ya kutuma. "Mzee, aliyebandika bango la Kongo amejulikana. Nimeongea naye ana kwa ana. Amejuta." Hakuna uongo hata neno moja! Mzee amejibu kwamba kijana huyo asisumbuliwe, anasaidia wananchi, na anaomba chupa mbili zaidi.

Bango nimelibandua, kama afanyavyo aliyejuta. Nimeweka lingine: ASALI ILIYOMLIZA MZEE WA RIRUTA.

Halafu nikamwandikia Mwongeli. Nimemjulisha kwamba nafasi ya mke wangu imebaki moja tu, wanaoulizia ni wengi, na mwisho ni Jumatano. Ameusoma. Hajajibu. Nimeusogeza mwisho hadi Ijumaa, kutokana na maombi ya wengi.